Maneno ya Shangazi Mdomoni Mwangu

Jana mlipotoka hapa kwangu Rusimbi mliniacha nimekasirika, ila adabu ilinifunga mdomo. Mlikuja vijana watatu, wakalimani wapya, na vitambulisho vyenu shingoni, mkaniamkia vizuri, mkanywa chai yangu na mihogo ya kukaanga, halafu yule mrefu wenu akaniuliza, "Hivi Bibi, kazi ya ukalimani ugumu wake ulikuwa wapi? Si ni kurudia tu alichosema mwenzio?" Mwenzake akadakia kwamba siku hizi simu inatafsiri yenyewe, wewe kazi yako ni kuishika. Mkacheka. Nami nikacheka, maana mgeni hafukuzwi kikombe kikiwa mkononi. Lakini mlipokwisha kushuka barabarani niliunguza maharage kwa hasira.

Kurudia tu! Loo, jamani!

Haya, nimevaa miwani, nimekaa kitako, nawaandikia. Mkiona nimeruka huku na kule mnisamehe. Mimi sikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka kama mwanamke anavyochambua mchele, jiwe likionekana nalitoa.

Nilifanya kazi hii tangu miaka ile ya vita ng'ambo, watu wakivuka ziwa usiku na mchana, hadi magoti yalipogoma. Nimekalimani mwaloni Kibirizi boti zikitia nanga, nimekalimani Bangwe, zahanati, kambini, polisi, hata kwenye posa. Baba yangu alikuwa Mmanyema wa Ujiji, mama yangu Muha, na bibi aliyenilea, mama yake baba, alikuwa Mbembe aliyevushwa akiwa mwari. Kwa hiyo nyumbani kwetu ukiomba chumvi ulikuwa unachagua uiombe kwa lugha gani. Sikusomea. Nililia kwa lugha zote hizo nilipokuwa mdogo, basi.

Aliyenitia kazini ni mzee mmoja wa Ujiji ambaye watu walimwita Mzee Kasuku, kwa sababu ya kazi yenyewe. Hakuwahi kulikasirikia jina hilo. "Kasuku ni ndege mwenye adabu," alikuwa akisema. "Hasemi la kwake mbele za watu." Alivaa kanzu na koti hata jua likichoma, na alikuwa mkali! Nikikosea hanigombezi pale pale. Ananinunulia samaki, mgebuka wa kuchoma, ananiacha nile nusu, ndipo ananigombeza, ili nishindwe kuinuka niondoke.

Somo lake la kwanza lilikuwa la maneno mafupi. Alisema neno refu usiliogope, maana neno refu lina kwao kumoja. Neno fupi lina kwao kwingi, huko lina maana hii na kule lina maana nyingine, na lugha zenyewe hata hazijuani. Mimi nilidhani ni maneno ya wazee tu, mpaka siku ile ya boti.

Boti ilikuwa imetoka Kongo imejaa, inateremsha watu Kibirizi. Ghafla mwanamume mmoja aliyekuwa tezi, nyuma ya boti, akaanza kupiga kelele, "Moto! Moto na mai!" We! Vijana wa mwaloni waliposikia moto wakaikimbilia injini. Mwingine akabeba ndoo. Mama mmoja akaanza kuwakusanya dagaa wake aliokuwa amewaanika mchangani, analia kabisa, "Dagaa wangu, dagaa wangu!" Mimi mkalimani nimesimama natafuta moshi uko wapi. Kumbe yule bwana alikuwa anasema Kilingala, na kwa Kilingala moto ni mtu, mai ni maji. Mtu ameanguka ziwani, sisi tunatafuta ndoo tuchote maji hayo hayo yanayomzamisha. Mzee Kasuku hakutazama injini. Alitazama kidole cha yule bwana kimeelekea wapi, akaruka majini na kanzu yake na koti lake, akamtoa mwanamke wa watu akiwa bado amekumbatia sufuria.

Alipokuwa anajikamua nikamwuliza, "Mzee, kumbe unajua Kilingala?" Akasema, "Kidogo sana. Lakini mtu anayeona nyumba inaungua hanyooshi kidole kwenye maji." Halafu, bado anatetemeka, akaniambia neno lile lile ukimpelekea Mfaransa atakuonyesha pikipiki.

Tangu hapo nikaanza kuyaokota maneno ya namna hiyo kama watoto wanavyookota gololi. Mrundi akisema "oya" amekataa, anasema hapana. Nyinyi vijana wa mjini mkisema "oya" mnamwita mtu. Kulikuwa na Mrundi mmoja mpole, mgeni kabisa, alitumwa na baiskeli kupeleka mawese Ujiji. Kila akikatiza kijiwe, vijana wanamwita, "Oya! Oya!" wanataka tu kumwuliza bei. Yeye akajua anakatazwa njia, anageuza, anatafuta mtaa mwingine, huko nako "Oya!" Alirudi jioni na mawese yake yote, amechoka, akaniuliza kwa unyonge huu mji una ubaya gani na yeye. Nilicheka, kisha nikamwonea huruma, nikayanunua mwenyewe.

Na "si" je? Mswahili akisema si, amekana. Mfaransa ukimwambia hukula, na yeye amekula, anakuruka na "si!", maana yake nimekula bwana, usinisingizie. Nesi mmoja alimwuliza mwalimu fulani Mkongo aliyezoea Kifaransa, "Mwalimu, hukunywa dawa?" Mwalimu akajibu kwa nguvu, "Si!" Nesi akatikisa kichwa, akammiminia nyingine. Mzee Kasuku akamshika mkono nesi wa watu kijiko kikiwa kinaenda mdomoni. Kulikuwa pia na mgeni mmoja wa Ulaya aliyewahi kunivuta pembeni kuniuliza kwa nini wakimbizi wa Burundi wanazungumzia sana majivuno. Kwa sababu Mrundi akikubali husema "ego", na kwao huyo mgeni hilo ni neno la mtu kujiona. Nikamwambia baba, hawa hawajivuni, hawa wanakukubalia kila kitu kwa kuwa wana njaa.

Dawa ya neno fupi ni hii, iandikeni: usilibebe peke yake. Mwombe mwenyewe alirefushe. Mwambie nisimulie, nionyeshe, iko wapi, ilikuwaje. Tazama mkono wake, tazama shingo yake. Ukiona huelewi, sema sijaelewa. Hakuna aibu. Aibu ni kuokoa dagaa mtu anazama.

Lakini wajukuu zangu, neno fupi lililonitesa mimi si moto wala oya. Ni "mimi". Na hapa ndipo ulipo ugumu aliouliza yule mrefu.

Nilipoanza kazi nilikuwa nasema "anasema". Anasema anaumwa kichwa, anasema mumewe alibaki Fizi kule Kongo. Mzee Kasuku alinikataza kabisa. Mkalimani hasemi anasema. Akisema mgonjwa "naumwa", na wewe useme "naumwa". Nikamwambia Mzee, watu watanicheka. Akanijibu, "Ukisema 'anasema' umejitoa. Umesimama mlangoni unamchungulia mwenzio ndani. Ukisema 'mimi' umeingia naye."

Na yeye alikuwa akiifuata hiyo sheria bila haya. Nimemwona kwa macho yangu, mzee mwenye ndevu nyeupe, kofia ya kiua kichwani, ameketi zahanati mbele ya mkunga anasema taratibu kabisa, "Mimi nina mimba ya miezi saba, na juzi mtoto ameacha kucheza." Mkunga hakucheka. Mwanamke mwenyewe, aliyekuwa ameketi pembeni yake, hakucheka. Mkunga alimtazama yule mwanamke machoni, akamwambia panda kitandani mama. Mzee alikuwa kama hayumo chumbani. Mimi nami kwa zamu yangu nimewahi kuwa askari mtoro, nimewahi kuwa mwizi wa nyavu, nimewahi kuwa bwana mwenye wake wawili wanaopigania godoro. Nilizoea. Nikitoka kazini nanawa uso kwenye bomba, namalizana na watu wote wa siku hiyo, narudi nyumbani kupika.

Sasa nyumbani alikuwepo Sifa.

Mnisubiri kidogo hapa, maana nikilitaja jina hili huwa napumzika.

Sifa alishuka boti akiwa na watu asiowajua. Mama yake hakufika ng'ambo hii, na baba yake alipotelea vitani. Alikuwa mdogo wa kubebwa mgongoni na mkubwa wa kukataa kubebwa. Alikuwa hasemi na mtu. Nilimsogelea nikamwambia kwa Kibembe cha bibi yangu, njoo tule. Akanitazama, akaja akanishika kanga, na hakuiachia hadi tukafika Rusimbi. Watoto wa namna ile walikuwa wanawekwa kwa familia wakati ndugu zao wanatafutwa. Mimi mume wangu alikuwa ameshafariki, na Mungu hakunijalia mtoto. Wakaniuliza kama naweza kumkaribisha kwa muda. Nikasema naweza. Hilo "kwa muda" nililitamka kwa mdomo, moyoni sikuliweka.

Aliniita Bi Zena wiki za kwanza. Siku moja alikuwa anatoka shule, mvua kubwa, akaanza kuniita kutoka mbali, "Mama! Mama Zena! Fungua!" Nikafungua mlango nikiwa na unga mikononi, nikamkumbatia hivyo hivyo, sare ikawa uji. Akalalamika. Alikuwa na mdomo huyo! Ugali ukiwa na bonge anasema, samaki akiwa na chumvi anasema. Jioni tulikuwa tunakaa ukumbini tunachambua dagaa, yeye ananisahihisha kwa Kiswahili alichofundishwa shuleni. "Mama, si 'nimekalimani', ni 'nimekalimu'," ananiambia, na shuleni hata hakuwa amefundishwa hivyo, amejitungia tu. Nilianza kwa kuongea naye Kibembe ili asikisahau. Baadaye akawa ananiambia, "Mama, sema Kiswahili, wenzangu wananicheka." Nikamsikiliza. Kibembe chake kikayeyuka kidogo kidogo, na mimi, niseme ukweli, sikuhuzunika sana. Nilijua kikiisha, na ng'ambo imeisha.

Nilimpenda. Sina neno jingine la kuwawekea hapo.

Ndipo shangazi yake akapatikana. Dada wa baba yake, mwanamke wa milimani huko juu ya Fizi, aliyekuwa akimtafuta mtoto wa kaka yake kila kambi na kila mwalo, miaka yote ile mimi nikimpikia. Alivuka ziwa akaja Kigoma. Ikapangwa siku ya kukutana: afisa wa ustawi, shangazi, mtoto, na mimi mlezi. Mtoto alikuwa na umri wa kuulizwa anataka nini, na afisa alisema waziwazi kwamba neno la mtoto ndilo litakaloamua.

Tatizo likawa lugha. Shangazi Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununua chumvi, hakikutosha kusema jambo. Afisa alitoka kusini huko, hajui Kibembe hata cha kuomba maji. Sifa alishakisahau. Wa kazi hiyo tulikuwa wawili Kigoma nzima, Mzee Kasuku na mimi, na Mzee alikuwa kitandani na mapafu yake. Afisa akaniita, akawa anapindapinda karatasi, akasema, "Bi Zena, najua si haki. Ukikataa nitakuelewa. Kuna kijana mmoja wa maboti anasema anakijua kidogo."

Huyo kijana nilimfahamu. Kibembe chake kilikuwa cha kutukania.

Nikashuka Ujiji kwa Mzee Kasuku. Nilimkuta ameegemezwa mito, mkewe anamnywesha uji. Nikamweleza yote. Nikamwambia, "Mzee, mwache kijana wa maboti aende. Akiharibu, ameharibu yeye, mimi simo." Alitafuta pumzi kwanza. Kisha akaniambia, "Zena, yule mama amevuka ziwa na maneno yake. Akiyasema na yasifike, mtoto atabaki kwako. Halafu wewe utaishi naye vipi, ukijua kwamba hakusikia?"

Nikamwambia, "Vizuri tu! Nitaishi naye vizuri tu!" Nikaondoka bila kuaga, nikapita msikitini, nikapita sokoni, sikununua kitu. Nilifika Rusimbi kwa miguu. Sifa alikuwa amepika, ugali wenyewe una mabonge, nikaula wote sikumwambia neno. Asubuhi nikampelekea afisa jibu kwamba nitakalimani mwenyewe.

Siku ilipofika tulikaa kwenye kile chumba, viti vinne. Shangazi alikuwa mwembamba, mrefu, amefunga kitenge kipya kilichokuwa bado na mikunjo ya dukani. Alikuja na kuku jike amemfunga miguu. Kabla hajaketi alinijia mimi, akapiga goti, akaniwekea yule kuku miguuni. Akasema kwao mtu aliyekulelea mtoto humlipi, unampa kuku jike, ili nyumba yake isibaki kimya. Na hayo nikawatafsiria afisa na mtoto, mimi mwenyewe, na kuku ananidonoa kiatu. Sifa akacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka siku hiyo.

Kisha shangazi akamgeukia Sifa, akaanza kusema. Nami nikaanza.

"Mimi ni dada wa baba yako. Tulinyonya ziwa moja. Wewe ulipozaliwa ni mimi niliyekupokea, ni mimi niliyekuosha mara ya kwanza."

Mtoto alikuwa ananitazama mimi. Nikamwonyesha kwa kidevu, mtazame yeye, anayesema ni yeye.

"Vita vilipokuja nilikuwa shamba la mbali. Niliporudi sikukuta mtu. Nimekutafuta. Nimelala nje ya makambi, watu wananiambia mama rudi, mtoto wako amekufa. Mimi nikakataa. Nilikuwa nakuwekea chakula. Kila mavuno natenga chako, kikiharibika natupa, natenga kingine."

Wajukuu zangu, palikuwa na nafasi. Nataka mlijue hilo. Mle chumbani hapakuwa na mtu wa kunishika. Ningeweza kusema "nilikutafuta" nikaacha hapo. Ningeweza kuyasema yote yale kwa sauti ya kuchoka, kama ninavyotafsiri habari za mbegu na mbolea, mtoto asisikie kitu. Sauti tu, hata neno nisiliguse. Nikamtazama yule mama, koo lake lilikuwa linapanda na kushuka kabla ya kila neno, na mikono yake imepasuka kwa jembe. Alikuwa ananiangalia mdomo wangu. Hakujua ninachosema. Alikuwa ameniamini tu.

Nikayasema. Nikayasema kama alivyoyasema, pale alipopandisha nikapandisha, alipovunjika nikavunjika. Nilikalimani siku ile kuliko siku zote za maisha yangu, na nilikuwa najinyang'anya mwenyewe.

Mwisho akanyoosha mkono akasema maneno machache. Nikayapokea.

"Mwanangu, inuka. Twende nyumbani."

Nilisema hivyo kwa mdomo huu. Na Sifa akainuka.

Aliinuka papo hapo, kama nilivyomzoeza nikimwita. Afisa akamwuliza taratibu, kwa Kiswahili, kama anataka kwenda na shangazi yake. Akajibu, "Nitakwenda." Afisa akamwuliza tena, akamwambia halazimishwi. Akasema, "Nimesema nitakwenda." Hakulia. Mimi nikamtafsiria shangazi, "Nitakwenda," na yule mama akaanguka kwenye miguu ya mtoto, akaishika, analia kwa sauti.

Boti iliondoka Kibirizi baada ya siku chache. Nilimfungia nguo, nikamfungia dagaa, nikamfungia daftari zake. Nilimpa na kanga yangu. Pale mwaloni hatukusema mengi, alikuwa ananiuliza kama nimekumbuka kuzima jiko. Nilirudi Rusimbi, nikakuta kweli sikulizima.

Kuku yule nilishindwa kumchinja. Alitaga, akaangua, akaangua tena, uani kwangu pakawa na kelele kama alivyotaka shangazi, hadi akazeeka akafa kifo chake. Majirani walinisema sana, Bi Zena anafuga kuku kama mtu anafuga mjukuu. Niliwaacha waseme. Jioni nilikuwa nachambua dagaa peke yangu, nikitokewa na neno la kuchekesha nageuka kumwambia mtu. Nimeendelea hivyo miaka na miaka. Hata leo nikisikia mtoto anaita "Mama, fungua!" kwenye mvua, mkono wangu unakwenda kwenye komeo kabla sijafikiri.

Lakini kumkosa sicho kilichonila. Kumkosa nilikutegemea. Kilichonila ni ile "inuka, twende nyumbani". Ilitoka kwenye mdomo wangu, kwa sauti yangu, sauti aliyoizoea kuitii. Mtoto yule alikuwa amesikia nini? Alisikia shangazi yake anamwita, au alisikia mama yake anamwambia ondoka? Nilikuwa nikilala na swali hilo. Mzee Kasuku alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwuliza yeye angefanyaje. Nilijaribu kujifariji kwamba mtoto aliijua kazi yangu, lakini nikikumbuka alivyoinuka upesi, faraja inaisha.

Habari zake nilikuwa nazipata kwa watu wa maboti. Ameolewa. Amejifungua. Shangazi yu hai, anamsumbua kwa mapenzi. Baadaye simu zikafika hata huko milimani, na namba yangu ikamfikia. Tukaanza kusalimiana, za watoto, za mvua, za miguu yangu. Kiswahili chake sasa ni cha Kongo, na namsahihisha. Lile swali sikuliuliza. Kila simu nasema leo, na kila simu nauliza bei ya mihogo.

Basi jana, mlipoondoka na kicheko chenu cha "kurudia tu", maharage yakiwa yameungua, nilikaa kwenye kigoda nikampigia. Hata salamu sikutaka, nikamwuliza moja kwa moja, "Sifa, siku ile kwa afisa, nilipokwambia inuka twende nyumbani. Ulijua kwamba hayakuwa maneno yangu? Ulijua kwamba mimi sikukufukuza?"

Nikasikia watoto wake nyuma wanagombania kitu. Akawanyamazisha kwa Kibembe, Kibembe kizuri, kilichokamilika.

Kisha akasema, "Mama, nilijua. Nilijua toka mwanzo ni maneno ya shangazi. Nilikuwa nakutazama wewe unavyoyasema. Nikasema, kama Mama ameweza kuyasema mpaka mwisho bila kulia, basi na mimi nitaweza kwenda bila kulia."

Nikamwambia, "Sasa mwanangu, umeshafika. Lia." Hapo akaanza yeye, nikafuata mimi, hakuna aliyemtafsiria mwenzie, tukalia hadi salio langu likaisha.